Usiiwashe Pampu Hiyo Kabla Hujauona Waya wa Tatu

Kama nyumbani kwako kuna pampu ndogo ya maji inayokwenda kwa stima, nenda ukaizime sasa, pale pale kwenye soketi, kisha uchomoe plagi na uitazame miguu yake. Ikiwa ina miguu miwili ya duara, au huwa inaingia kwa kusaidiwa na kalamu au kijiti, usiirudishe. Mwambie na jirani anayechota kwenye kisima hicho hicho. Mengine nitakayoyasema hapa yanaweza kungoja kidogo. Hilo haliwezi.

Nalihimiza kwa sababu najua namna jambo hili linavyoenea pwani yetu. Maji mengi ya mfereji ya Malindi, Watamu na Kilifi hutoka Baricho, kwenye visima vya ukingo wa mto Sabaki. Mitambo ile ikisimama, iwe ni mafuriko, bomba kupasuka au stima kupotea, mifereji hukauka hadi Mombasa, na kila mwenye kisima hukikumbuka kisima chake. Kisima ni kirefu, ndoo ni nzito, na dukani kuna pampu ya nusu hosipawa ambayo familia ikijikaza inaipata. Inanunuliwa asubuhi, jioni inafungwa, na kesho yake majirani wamekuja kuona imefungwaje ili nao wakafunge vivyo hivyo. Kama ile ya kwanza ilifungwa vibaya, ubaya umeshaingia mtaa mzima kabla ya mtu yeyote kuumia.

Na stima yenyewe imefika mahali ambapo zamani haikuwako. Tangu mradi wa Last Mile uzinduliwe mwaka 2015 na ada ya kuunganishwa ikateremshwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, nyumba nyingi za Magarini na Ganze zimepata mita. Ni heri kubwa, na sitaki mtu anielewe kwamba naipinga. Lakini nyumba nyingi kati ya hizo zina soketi moja au mbili tu, na kisima kiko kule nyuma, ng'ambo ya kitalu cha mchicha. Hapo katikati ndipo panapotandazwa waya wowote uliopatikana.

Tuanze na plagi, maana maovu mengi huanzia hapo.

Pampu nyingi zinazouzwa huku hazikutengenezewa soketi za Kenya. Baadhi huja na waya mtupu, ncha zimechunwa, hazina plagi kabisa. Nyingine huja na plagi ya Ulaya: nene, ya duara, miguu miwili, na ubavuni vibati viwili vya chuma ambavyo mtu asiyejua hudhani ni pambo. Malindi tunaziona zaidi kuliko miji mingine. Waitaliano wako nasi tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha San Marco pale Ngomeni na kurusha setilaiti kutoka baharini mwaka 1967, na nyuma yao zikaja nyumba za likizo. Mwenye nyumba akibadilisha vifaa, pampu kuukuu humwendea mlinzi au mkulima wa bustani, naye huipeleka kwao kwa furaha.

Vibati vile vya ubavuni ndivyo vya ethi, yaani waya wa tatu. Soketi za Ulaya zina vishikizo vinavyovigusa. Soketi yetu haina. Yetu ina matundu matatu ya mstatili, na ethi iko kwenye tundu la juu, lile refu. Matundu mawili ya chini yamezibwa ndani na vifuniko vidogo vya plastiki, havifunguki mpaka mguu wa juu uingie kwanza. Aliyeibuni alikusudia waya wa kumlinda mtu uwe wa kwanza kugusa na wa mwisho kuachia. Sasa chukua ncha ya kalamu, isukume kwenye tundu la juu: vifuniko vinafunguka, miguu miwili ya duara inaingia, pampu inanguruma, maji yanapanda tangini, watu wanashangilia. Pampu haina ethi. Hakuna dalili yoyote ya kumwambia mtu kwamba haina. Ekstensheni zile zenye matundu ya kila umbo, zinazokubali plagi ya nchi yoyote, hufanya jambo hilo hilo bila hata kuhitaji kalamu: miguu inaingia, vibati vya ubavuni vinabaki hewani.

Ndani ya mota ya pampu kuna nyuzi za shaba zilizopakwa rangi ya kuzuia stima. Rangi hiyo huzeeka. Joto huipasua, unyevu huingia, na hewa yetu ya chumvi huharakisha mambo. Mtu wa Gongoni au Marereni, wanakovuna chumvi, anajua bawaba ya mlango hudumu muda gani. Siku moja uzi wenye moto, yaani wenye stima, unagusa gamba la chuma. Kama ethi ipo na kifaa cha kukata kipo, stima inakatika papo hapo na unabaki ukilaumu pampu. Kama havipo, pampu inaendelea kuvuta maji kama kawaida, na gamba lake lote lina volti 240. Linasubiri mtu mwenye mkono wa maji.

Dalili ya kwanza huwa ni kutekenya. Unafungua koki ya chuma, vidole vinawashwa. Unagusa gamba, mkono unasisimka. Nimesikia mara nyingi mno watu wazima, watu wenye akili zao, wakisema, "Hiyo haina neno, inatekenya kidogo tu, vaa ndara." Wapo wanaooga kila siku chini ya bafu la kupasha maji kwa stima linalowatekenya hivyo hivyo, na wameizoea hali hiyo kama wanavyozoea mlango unaolia. Naomba neno hilo lisisemwe tena katika nyumba yoyote. Kutekenya maana yake stima imekwisha kutoka mahali pake, na kinachokutenganisha nayo ni ukavu wa ngozi yako siku hiyo. Kesho mvua imenyesha, sakafu imerowa, anayefungua koki ni mtoto, na ndara amezivua mlangoni.

Wengi hunijibu: mbona kuna fyuzi?

Fyuzi inalinda waya usiungue. Haikuwekwa kumlinda mtu, na hili ndilo jambo ninalotaka likumbukwe kama mengine yote yatasahaulika. Plagi ya Kenya kwa kawaida ina fyuzi ya ampea 13. Milliampea 10 hivi zinatosha kuukaza mkono usiweze kuachia ulichokishika. Kuanzia milliampea 30, zikipita kifuani kwa muda, moyo unaweza kuacha mapigo yake na kuanza kutetemeka tu. Ampea 13 ni zaidi ya mara 400 ya kiasi hicho. Mtu aliyerowa, aliye pekupeku juu ya saruji yenye maji, mwili wake unaweza kuwa na upinzani wa omu 1000 hivi. Gawa volti 240 kwa 1000, zinapita milliampea 240. Zinatosha kabisa kuua, na fyuzi haizihisi hata kidogo. Itabaki nzima mpaka mazishi.

Hata penye ethi, pwani hatuwezi kuitegemea fyuzi. Nyumba zetu nyingi hupata ethi kwenye nondo iliyopigwa ardhini karibu na mita, na ardhi yetu ni mchanga mkavu juu ya mwamba wa matumbawe. Stima haipiti humo kwa urahisi. Nondo yenye upinzani wa omu 100 itapitisha ampea 2.4 tu hata mota ikivuja kabisa, na fyuzi ya 13 itazibeba hizo mwaka mzima. Kwa hiyo pampu yako ina waya wa tatu, umefungwa vizuri, na bado gamba lina moto.

Kinachokata ni kifaa kile ambacho mafundi hukiita RCD, na wale wa zamani ELCB. Kazi yake ni kupima stima inayokwenda na inayorudi. Zikitofautiana kwa milliampea 30, maana yake kuna stima inayopitia njia nyingine, labda ardhini, labda mwilini mwa mtu, nacho kinakata kabla ya theluthi moja ya sekunde kwisha. Kwa kawaida bei yake ni chini ya bei ya pampu yenyewe. Kina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze mara moja kila mwezi, na kisipojizima kibadilishwe siku hiyo hiyo. Pasipo ethi, RCD itangoja mpaka mtu aguse ndipo ijue kuna uvujaji. Penye ethi, itakata stima ilipoanza kuvuja, hakuna aliyegusa chochote. Ndiyo sababu vyote viwili vinahitajika, na hakuna kimoja kinachoweza kushika nafasi ya mwenzake.

Kisha kuna ubaya mwingine unaonisikitisha zaidi, kwa kuwa unafanywa na watu wanaolipwa. RCD ikijizima kila pampu inapowashwa, fundi anaitwa, anaitazama, anasema imeharibika, anairuka kwa kipande cha waya. Pampu inafanya kazi, fundi anapewa pesa yake, kila mtu anashukuru. Kile kifaa hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinasema kweli, na kimenyamazishwa.

Visima vyetu navyo vina tabia yao. Watu wa Gedi, mji ambao UNESCO iliutia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, walichimba visima katika mwamba huu huu karne nyingi zilizopita, na visima hivyo bado vinaonekana. Mwamba wa matumbawe una matundu na nyufa nyingi. Maji baridi ya mvua huelea juu ya maji ya chumvi yanayosukumwa na bahari kutoka chini, na kadiri unavyovuta kwa nguvu, ndivyo chumvi inavyopanda. Maji ya chumvi hupitisha stima kuliko maji baridi. Kwa hiyo pampu ya kuzama inayovuja ndani ya kisima cha pwani inakuwa na njia nzuri ya kueneza moto wake, na kisima chetu mara chache huwa cha mtu mmoja. Mwenye pampu yuko ndani kwake. Anayeteremsha ndoo ya bati kwa mnyororo ni mwana wa jirani, au mama aliyekuja kuomba dumu moja la kupikia. Hao hawajui pampu imewashwa, hawajui ilifungwa na nani. Ukishiriki kisima na wenzako, usalama wao umo mikononi mwako, na sheria ya ujirani tuliyolelewa nayo haikuruhusu ulichukulie jambo hilo kijuujuu. Pampu ikiwa imo majini na imewashwa, asichote mtu.

Na kwa kuwa nimekitaja kisima: usiteremshe jenereta wala pampu ya petroli ndani yake ili kuyafuata maji yaliyoshuka. Moshi wake una kabonimonoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hujaa chini ya shimo, humwangusha aliyeko ndani, kisha humwangusha anayeshuka kumwokoa.

Turudi kwenye waya. Sasa nasema na yule anayeshika bisibisi, awe fundi wa mtaa au kijana wa nyumbani aliyewahi kumtazama fundi.

Zima stima kwenye swichi kubwa, usiishie kwenye soketi. Hakikisha kwa testa ambayo umekwisha kuijaribu mahali unapojua pana moto, maana testa iliyokufa nayo haiwaki. Pampu iwe imechomolewa. Usikae unaifungua ikiwa kwenye soketi eti kwa sababu imenyamaza: pampu nyingi ndogo zina kinga ya joto inayoizima ikichemka na kuiwasha yenyewe ikipoa. Na ndani ya kisanduku chake, au pembeni, kuna kapasita, kile kikopo kinachoisaidia kuanza. Kapasita huweza kubaki na stima ndani yake hata swichi ikishazimwa. Usizipeleke kucha zako pale.

Utakuta mahali pa kufungia pameandikwa L, yaani laivu, na N, yaani nyutro, na skrubu moja iliyoshika chuma cha gamba, yenye alama ya mstari wima na vistari vitatu vinavyopungua chini yake. Waya wa kahawia unakwenda L, wa bluu N, na wa kijani wenye mstari wa manjano unakwenda kwenye skrubu ile ya gamba. Ule wa kijani na manjano uuache mrefu kuliko wenzake ndani ya kisanduku na ndani ya plagi, ili waya ukivutwa kwa nguvu siku moja, uwe wa mwisho kuchomoka. Chuna ngozi ya waya kiasi cha kuingia kwenye skrubu tu. Uzi mmoja wa shaba unaochungulia nje unatosha kugusa gamba. Kaza, kisha vuta kila mmoja uone kama umeshika. Kibano cha plagi kiume lile ganda la nje la waya, kisiume nyuzi za ndani. Fyuzi iwe ile iliyoandikwa kwenye kijitabu cha pampu. Msumari, uzi wa shaba au karatasi ya sigara si fyuzi.

Rangi zina mtego. Waya wa zamani ulikuwa mwekundu kwa laivu, mweusi kwa nyutro, kijani kwa ethi, na nyumba nyingi kongwe za Malindi na Kilifi bado zina nyaya hizo ukutani. Kwenye waya wa Kimarekani mweusi ndiyo laivu, na mweupe ndiyo nyutro. Fundi aliyezoea moja akikutana na nyingine, anageuza. Mweusi usiuamini kwa rangi yake, upime. Na usidanganyike kwa kuwa mota inazunguka. Pampu ya fezi moja itazunguka vizuri tu hata laivu na nyutro zikipishana. Lakini kama kuna swichi ya boya tangini inayokata waya mmoja, tangi likijaa boya litakata nyutro, pampu itanyamaza, na moto wote utabaki ndani ya mota. Anayekuja kuisafisha ataamini imezimika.

Kosa linaloua haraka kuliko yote ni kuufanya waya wa kijani na manjano ubebe moto kwa sababu mwingine umekatika. Nasikia hoja kwamba ni kwa muda, mpaka kesho. Atakayeufungua kesho atakuwa mtu mwingine, naye atauona wa kijani na kuushika kwa vidole.

Urefu wa waya nao una madhara yake, na huu ni ujuzi ambao hata mafundi wazuri huupuuza. Pampu ya hosipawa moja hula kiasi cha ampea 5 ikiwa inakwenda, lakini inapoanza huweza kuvuta mara tano au sita ya hizo. Ukiiunganisha kwa waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 40, kwenda na kurudi, karibu volti 50 hupotelea njiani wakati huo. Mota inaguna, haizunguki, inachemka. Ikichemka mara nyingi, ile rangi ya kwenye nyuzi zake inapasuka, nasi tunarudi kwenye gamba lenye moto. Waya wa spika, au ule bapa wa nyuzi mbili wa kufungia balbu, usitumike kabisa: ni mwembamba na hauna ethi. Kwa pampu hizi ndogo tumia waya wa nyuzi tatu, wa shaba, usiopungua milimita za mraba 1.5, na 2.5 kisima kikiwa mbali. Ganda lake liwe la mpira mzito unaostahimili maji na jua, maana plastiki ya kawaida juani kwetu hukakamaa na kupasuka, na panya na jembe humaliza kazi. Upitishwe ndani ya paipu, ardhini kwa kina ambacho jembe halifiki, au juu kwa nguzo. Usitandazwe kwenye majani, wala usifungwe kwenye mwarobaini kwa kamba ya katani.

Kiungo cha tepu nyeusi kwenye waya ulio nje ni kidonda. Nimefunua vingi. Ukiibandua tepu, chini yake gundi imeyeyuka, maji ya chumvi yameingia, na shaba imekuwa ya kijani na kukatika kama majani makavu. Tepu haizuii maji hata siku moja ya masika. Waya utoke kwenye soketi hadi kwenye pampu bila kukatwa, na ikilazimu kuunga, paungwe ndani ya kisanduku kisichoingiza maji, juu ya ardhi. Kwa pampu ya kuzama, kiungo cha chini ya maji kina vifaa vyake maalumu vya kukifungia, na ni kazi ya fundi anayevijua. Pampu hiyo ining'inie kwa kamba ya nailoni. Isining'inizwe kwa waya wake, wala isivutwe kwa waya, na isipandishwe ikiwa imewashwa.

Waya unapoingia kwenye pampu au kwenye soketi ya nje, uache ulegee ushuke kwanza chini ya mahali pa kuingilia, ndipo upande. Maji ya mvua yakiufuata yatadondokea pale kwenye mkunjo badala ya kuingia ndani. Haigharimu hata shilingi, na karibu hakuna anayefanya hivyo. Mpira wa kuziba kwenye tundu la kisanduku usitupwe kwa sababu waya ni mnene mno. Tafuta mpira unaolingana nao.

Wengine wataona maneno haya ni mengi kwa kazi ya skrubu tatu. Basi aitwe anayeyajua. Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, mafundi wa stima hupewa leseni na EPRA, mamlaka ya kawi na petroli, na mwenye nayo haoni haya kuionyesha. Muulize kwa adabu: "Fundi, naomba kuiona leseni yako." Kazi ikiisha, mwombe abonyeze kitufe cha RCD mbele yako, na apime kama gamba la pampu kweli limeshikana na ethi ya nyumba. Kukutazama kwa hasira si jibu. Na msiwalaumu Kenya Power kwa hili, kwa kuwa waya ulio baada ya mita ni wa mwenye nyumba.

Imetokea sasa, mtu amenaswa. Usimguse. Najua mkono utakwenda wenyewe, hasa akiwa mwanao, na ndivyo watu wawili watatu wanavyokufa pamoja kwenye kisima kimoja. Kimbilia swichi kubwa. Kama iko mbali, vuta plagi ukiwa umesimama pakavu. Ikishindikana, simama juu ya ubao mkavu au godoro, umsukume aachie kwa mti mkavu kabisa au kiti cha plastiki. Mpini wenye unyevu haufai. Aliye ndani ya kisima asifuatwe mpaka stima imekatwa na mtu mmoja amewekwa kulinda swichi asije mwingine akairudisha. Ikiwa ni waya wa nguzo ulioanguka, msiusogelee hata kidogo; zuieni njia na muwapigie Kenya Power kwa 97771.

Akishaachana na stima, mwite, mtazame kifua. Kama hapumui au anahema kwa kukoroma kwa vipindi, mlaze chali mahali pagumu na pakavu, weka vitanga vya mikono katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu na haraka, kina cha sentimita 5 au zaidi kidogo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha. Ukichoka, mwingine ashike. Mwenzako atafute gari wakati huo huo. Asipewe maziwa wala maji wala kitu chochote mdomoni. Alama ndogo nyeusi kwenye kidole isiwadanganye, kwa kuwa stima huunguza ndani ilikopita.

Na akizinduka, akakaa, akasema yuko sawa, bado mpelekeni hospitali, iwe Malindi au Kilifi, ile iliyo karibu, apimwe moyo. Mwambieni daktari kwamba ni stima ya nyumbani ya volti 240, aliishika kwa mkono gani, alikuwa amesimama juu ya nini, alizirai au hakuzirai, na ilimshika kwa muda gani.